Poda Usoni mwa Baba Mkwe

Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Lakini kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilijua kwamba mimi ni mlevi, na ushahidi wao ulikuwa pua yangu na mashavu yangu: mekundu, yamevimba kidogo, yana vipele, sawasawa na ya wale wanaume wanaoshinda kwenye kachasu, ile pombe kali ya kienyeji. Mtu akija kunisalimu alisogea karibu kuliko inavyohitajika, apate kunusa. Mimi nami nilimpulizia pumzi makusudi, anuse ashibe. Mchungaji wetu peke yake hakuusadiki uvumi huo, akaniacha niendelee kufundisha kwaya.

Shida yangu ilianzia kwenye neno. Kwetu Bukavu mtu wa ngozi nyeupe kama yangu huitwa mwekundu. Basi nilipoenda zahanati nikamwambia mkalimani kwamba uso wangu umekuwa mwekundu, alicheka. "Lakini papa, si we ni mwekundu tangu bakuzale?" Nilitamani nimzabe kofi, shavu lake limweleze. Ilibidi nifike Lilongwe kwa daktari wa ngozi ndipo nikajua ugonjwa wangu unaitwa rozasea. Hauambukizi, alisema, na mimi sikuuleta kwa chupa. Jua, chai ya moto na pilipili huuchochea. Halafu akaongeza kwamba mara nyingine hutembea katika ukoo.

Binti yangu alikuwa amepata mchumba anayeishi Nsungwi, kijana mpole, aliyelelewa na mama yake mkubwa. Ni watu wa Fizi, watu wa kanisa, na huyo mama ndiye mwenye kauli nyumbani. Habari za ulevi wangu zilikuwa zimemfikia. Akatuma ujumbe kwamba kabla hawajaleta posa, anataka kuniona kwa macho yake. Yaani mimi, baba wa msichana, nifunge safari nikakaguliwe kama mbuzi wa mnada! Nilikasirika hata cherehani yangu ikakata uzi mara tatu.

"Papa, tutafunika," binti yangu alisema.

Yeye hupamba mabibi harusi kwenye saluni moja Lumbadzi. Asubuhi ya safari alinikalisha mlangoni penye mwanga, akaninawisha kwa maji baridi bila sabuni. Akanipaka krimu ya kuzuia jua, akangoja ikauke. Kisha akatoa krimu ya kijani, akaigusisha kwa ncha ya kidole juu ya wekundu wote. Nilijitazama kwenye kioo nikaona chura.

"Kijani njo inauaka ule wekundu," alisema. "Usiguse."

Juu yake akaweka fondeteni, krimu ya kahawia ya rangi mbili alizochanganya mwenyewe, kwa sababu hakuna moja inayonifaa. Aliidonoa kwa sponji yenye unyevu, hakusugua hata mara moja. Wiki iliyotangulia tulijaribu poda yenye manukato, ikaniunguza mpaka machozi yakatoka. Hii haikuuma. Nilimuuliza amejifunzia wapi kufunika ngozi kama yangu.

Aliweka sponji chini. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akapangusa shavu lake moja. Lilikuwa jekundu.

"Hata mi, papa. Tangu mwaka uliopita."

Katika vyote ambavyo ningeweza kumrithisha mtoto wangu, nimempa hiki. "Muchumba wako anajua?"

"Anajua. Anasema haina shida. Ni mama mukubwa njo hajui."

Akajipaka upya, tukatoka. Juu ya kabaza, ile baiskeli ya abiria, nilishika mwavuli kama bibi harusi, na mwendesha baiskeli akanicheka njia nzima.

Nsungwi tulipokewa vizuri, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mama mkubwa alinikalisha nikielekea dirisha. Mume wake alikaa pembeni kimya, kijana naye kando ya mlango. Ikaletwa chai ya tangawizi inayotoa moshi. Kukataa chai ya wakwe ni kuwatukana, kwa hiyo nilikunywa. Binti yangu aliacha yake ipoe, akijifanya anasikiliza mazungumzo. Tuliongelea bei ya mahindi, mvua, kwao Fizi. Nilihisi joto likipanda kutoka shingoni, likafika masikioni, likafika puani. Jasho likanitoka. Nikajisahau. Nilitoa leso nikajipangusa uso wote.

Leso iligeuka ya kahawia, na ndani ya kahawia mlikuwa na kijani.

Mama mkubwa aliitazama leso, akanitazama mimi.

"Papa, unapakalaka poda?" aliuliza taratibu. "Mi nilisikia ya pombe. Na ile ya pombe nilikuwa tayari. Huyu muzee wangu alikunywaka sana, tukamuombea, akaacha. Lakini mutu hafunikake pombe na fondeteni. Iko ugonjwa gani? Iko mu familia yenu?"

Macho yake yakaniacha, yakaenda kwenye mashavu ya mwanangu, yakatulia hapo.

Kwa miaka nilikuwa nangoja mtu aniulize hivyo. Jibu nilikuwa nalo, la daktari, neno kwa neno, la kunisafisha mbele ya watu wote. Binti yangu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kijana akafungua mdomo, nami nikajua kwamba kwa upendo wake atasema kila kitu. Nikamtangulia.

"Ni pombe, mama," nilisema. "Ni kachasu. Nilisikia haya, njo nikafunika."

Mama mkubwa alishusha pumzi. Alitabasamu kabisa! "Sasa si ungesema tu, papa?"

Akamwita mume wake, wakaniwekea mikono kichwani, wakaiamuru roho ya kachasu initoke. Nikaitika amina kwa sauti kubwa. Walipouliza nilikunywa lini mara ya mwisho, nikasema jana. Binti yangu alikuwa analia, na mama mkubwa akamkumbatia akimwambia pole, mutoto wa mulevi anateseka sana, lakini sasa yeye ni wao, mwezi ukianza wataleta posa.

Kisha akachukua simu. Alitaka namba ya mchungaji wetu wa Dzaleka, amweleze, ili kanisa lote linisimamie nisirudie. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kwetu mlevi hasimami mbele ya kwaya. Nilimtajia ile namba polepole, tarakimu moja moja, asije akakosea.