Maji Mekundu ya Maharage

Wiki iliyopita, katika kliniki moja hapa Moshi, mtaalamu wa lishe alituambia sisi wenye vitambi: "Kuleni rangi jamani. Ile nyekundu na zambarau ya kwenye mimea, watafiti wanachunguza inavyousaidia mwili usirundike mafuta. Si dawa, ila inaishinda chipsi."

Dada mmoja mwenye kucha ndefu akauliza inauzwa duka gani.

Mama yake, bibi wa Kibosho aliyekuja kumsindikiza, akanyoosha mkono, akamuuliza mtaalamu. "Mwanangu, na yale maji mekundu yaliyochemshiwa maharage?"

"Shikamoo bibi. Hayo msiyamwage kabisa. Rangi imehamia humo."

Bibi akamgeukia binti yake, akamtazama tumbo, kisha uso. "Umesikia? Kiburu changu cha ndizi na maharage unakiita cheusi. Wageni wakija unamwaga maji ya maharage ili ndizi zako ziwe nyeupe."

Binti akainamia kadi yake. Bibi akajifunga kanga upya, akakaa wima kama mwenyekiti wa kikao cha ukoo.

Wachagga hatuna haya ya kujisifu, isipokuwa mbele ya sufuria yetu wenyewe. Jumapili nilipika kiburu kwa maji yale mekundu, kikatoka cheusi tii. Niliwapakulia wageni bila kuomba radhi.