Warigia Mchagua Vifaa

Ukiuliza hapa Kiganjo ni nani wa kukusaidia kununua msumeno usiokuaibisha, utaelekezwa upande wa reli, kwenye karakana ya mabati yenye mizinga ya nyuki iliyopangwa nje. Hapo utamkuta Warigia. Kabla hajakujibu atakuuliza unataka kufanya kazi gani, na ukianza kumtajia bei kwanza, atakuuliza tena.

Useremala alijifunza chuo cha ufundi akiwa na miaka kumi na tisa. Baada ya hapo aliajiriwa katika karakana moja mjini Nyeri, na kwa miaka kumi na saba akatengeneza majeneza. Kazi haikukosekana, na hakuichukia. Kilichomchosha ni kwamba hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kurudi kumsifu. Mwaka alipofikisha thelathini na minane alimwambia mumewe, Hezekiah, kwamba sasa anataka kutengeneza vitu vinavyokaa juu ya ardhi.

Hezekiah ni dereva wa lori la maziwa, mtu wa maneno machache. Hakubishana. Wiki iyo hiyo, akitoka Thika, alisimama Kenol akanunua kando ya barabara sanduku la plastiki la rangi ya samawati. Ndani mlikuwa na vifaa sabini na viwili: drili ya umeme, spana za kila ukubwa, koleo, bisibisi, patasi tatu, hata pimamaji. Kila kimoja kilikuwa kimelala katika shimo lake, kikimetameta kama sufuria ya bibi harusi.

"Mama Lynn," alisema akiliweka mezani, "sasa uko na karakana."

Warigia aliguswa, akavipapasa kimoja kimoja. Lynn, binti yao, akapiga picha.

Siku ya nne drili ilitoa moshi. Siku ya tano patasi ilikutana na fundo la mbao ikakunja pua. Koleo lilipanua miguu kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile, na halikuirudisha tena. Warigia alikaa juu ya gogo akavitazama vile vifaa. Angemwambia nini mtu aliyejinyima ili amfurahishe? Akavirudisha vifaa vyote kwenye mashimo yake, akalipangusa sanduku na kuliweka rafuni, mahali pa kuonekana. Hezekiah akiuliza, "Lile sanduku linaendeleaje?" yeye alikuwa akijibu, "Liko sawa tu." Na kweli sanduku lenyewe lilikuwa sawa.

Mambo yakawa mazito kikundi cha akina mama wa Naro Moru kilipoagiza mizinga arobaini, iwe tayari kabla maua ya Aprili hayajachanua. Mbao za saiprasi zikameza karibu fungu lote la malipo ya kuanzia. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na kazi ilikuwa ya mamia ya vipande vya kukatwa kwa kipimo kimoja, maana mzinga ukipishana na kifuniko chake hata kidogo, nyuki wanahama na mteja naye anahama.

Siku ya soko Warigia akashuka Karatina, kwenye safu ya wauza vyuma vikuukuu. Alikuwa ameshaikamata randa moja nyekundu, safi, na mkono mwingine uko mfukoni, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mama, chombo kizee kikipakwa rangi mpya, uliza kwanza rangi inaficha nini."

Aliyesema ni mzee mrefu aliyevaa koti la mvua, ingawa hakukuwa na mvua. Jina lake Wasike, mtu wa Bungoma aliyeletwa huku na kazi ya serikali miaka mingi iliyopita, akaendesha karakana mpaka akastaafu. Hakurudi kwao kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, alishazoea baridi. Aliikwaruza ile randa kwa ukucha. Chini ya rangi mlikuwa na ufa, umezibwa kwa gundi.

Mwenye bidhaa, kijana mmoja aitwaye Kahiga, alikunja uso. "Mzee, unaniharibia soko."

"Nakutunzia mteja. Huyu ukimuuzia ufa leo, kesho atakutangaza mpaka Nanyuki. Lete ile ingine ya kwenye gunia."

Kahiga akaitoa kwa shingo upande. Ilikuwa imevaa kutu kama koti. Wasike alimwonyesha Warigia namna ya kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kutu ya juu juu ikatoka, na chuma chini yake kikaonekana laini, bila mashimo. Kisha wakaazima kioo kwa jirani aliyeuza vioo, wakailaza randa juu yake kifudifudi. Haikutikisika, dalili kwamba imenyooka.

"Sasa patasi," Wasike alisema, akimpa tupa ndogo. "Piga tupa hapa kwenye makali. Ikiuma chuma kama inakula siagi, rudisha. Ikiteleza teleza, hiyo patasi ni ya kuachia wajukuu."

Warigia alizijaribu patasi kumi na nne. Kufika ya tisa hakuhitaji tena kumtazama mzee usoni. Mkono wake ulishaanza kusema wenyewe. Alichukua mbili tu. Moja haikuwa na mpini, lakini mpini ni mti, na mti ndiyo kazi yake.

Walipokunywa chai, Warigia alimweleza habari ya mizinga, na Wasike akamuuliza, "Katika hiyo mizinga, unafanya nini zaidi? Kukata, kulainisha ama kutoboa?"

"Kukata. Hata usiku naota nakata."

"Basi pesa yako yote ilale hapo. Kutoboa, tumia keekee ya mkono, haitoi moshi."

Warigia alicheka mpaka chai ikampalia, kwa maana hakuwa amemwambia habari za moshi.

Ndipo mzee alipomtajia msumeno wa mezani uliokuwa Sagana, kwa mtu anayeitwa Mburu, aliyeacha kupasua mbao akaingia ufugaji wa samaki. Jumapili baada ya ibada Warigia, Hezekiah na Wasike walikwenda na lori, kwa ruhusa ya mwenye lori. Walipofika walikuta mashine chini ya turubai nyuma ya nyumba. Meza yake ilikuwa ya chuma cha kusubu, nzito kama deni la harusi, imejaa mavi ya kuku. Wanaume wawili walikuwa wametangulia kuitazama, wakaondoka wakitikisa vichwa.

"Ati mnataka hii?" Mburu mwenyewe alishangaa.

Warigia alikwangua mavi kwa kipande cha ubao. Aliweka kiganja juu ya meza akakipitisha kutoka mwisho hadi mwisho, kisha akapima kwa ubao ulionyooka. Hakukuwa na bonde wala mlima. Akazungusha mhimili kwa mkono. Ukalia kama mchanga kwenye meno.

"Beringi zimekwisha," alisema, akiuachia mhimili.

"Zimekwisha," Wasike alikubali. "Lakini beringi ni viatu. Mtu hazikwi kwa sababu viatu vyake vimetoboka. Tikisa huo mhimili. Unacheza?"

Aliutikisa. Ulicheza kidogo tu pale penye beringi, na wenyewe ulikuwa umenyooka. Akatazama waya, akanusa mota. Haikuwa na harufu ya kuungua. Akasimama wima.

"Naichukua," alisema. Hakumtazama Wasike wala Hezekiah aliposema hivyo.

Kulikuwa na shida moja. Katika sanduku la vumbi la mbao, chini ya mashine, kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai kumi na moja, na Mburu hakutaka asumbuliwe. "Ngojeni wiki mbili," alisema. Wiki mbili Warigia hakuwa nazo. Waliongea, wakapatana bei, wakaongea tena habari ya kuku, mpaka Mburu akachoka.

"Basi mwende naye. Lakini akiangua, mnipigie simu."

Ndivyo msumeno wa mezani ulivyopanda kutoka Sagana hadi Kiganjo, umefungwa kamba pande zote, na kuku katikati ameketi juu ya mayai yake kama chifu barazani.

Njiani, Wasike akisinzia dirishani, Hezekiah aliuliza bila kugeuza macho, "Na lile sanduku langu?"

Warigia alichungulia kwenye kioo kama kamba bado zimekaza. Kisha akasema, "Baba Lynn, lile sanduku lilikufa wiki ya kwanza. Sikutaka kukuvunja moyo."

Hezekiah alishika usukani, mabega yakaanza kumtikisika. Warigia akadhani amekasirika, kumbe ni kicheko. "Mimi najua," alisema. "Nilichukua spana moja kukaza kioo cha lori, ikapinda kama mkate uliolowa chai. Nikairudisha polepole. Nilifikiri wewe bado unalipenda."

Wakacheka wote wawili mpaka mzee akaamka kuuliza kama wamefika.

Beringi mpya zilipatikana Nyeri kwa kusoma namba zilizochongwa kwenye zile kuukuu. Mkanda ulinunuliwa mpya, na bamba la msumeno pia, kwa sababu Wasike alikataa katakata kuokoa pesa kwenye kitu chenye meno. Miwani ya kukinga macho vilevile. Fundi wa umeme akakagua mota, na mashine ikawashwa Jumatano saa nne asubuhi. Ilinguruma, ikatulia, ikaimba sauti moja. Ubao wa kwanza ulitoka na ukingo laini kama ulioguswa na msasa. Warigia alizima mashine, akaenda nje kidogo, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Mizinga mitatu ya kwanza ilikosea kipimo, kwa kuwa ule ukuta wa kuongozea mbao ulikuwa umelegea, na ikabidi aivunje. Mingine thelathini na saba ikatoka kama mapacha, na mitatu ya kufidia ikaifuata. Vifaranga tisa walianguliwa wiki ya pili, ngurumo isiwape shida yoyote. Mburu akapigiwa simu, akaja kuwachukua, akaacha wawili. Akina mama wa Naro Moru walipokea mizinga yao siku mbili kabla ya tarehe, na mwezi wa sita wakamletea asali kwenye chupa ya soda. Hao walikuwa wateja wa kwanza maishani mwake kurudi na shukrani.

Habari zikasambaa. Siku hizi, siku za soko, Warigia huongozana na watu Karatina. Halipishi, hula chakula cha mchana cha aliyemwalika. Kahiga mwenyewe humpigia akipata mzigo mpya, kwa maana kilichopita mikononi mwa Warigia hakirudishwi.

Juzi alikuwa na Adhis, mke wa askari, anayetaka kuanza kushona viti vya sofa. Adhis alikuja na orodha ya vifaa ishirini. Warigia aliisoma, akaikunja.

"Nunua vitatu. Mkasi, nyundo, bunduki ya pini za kubania kitambaa. Vingine kazi yenyewe itakuambia."

Kahiga akamwaga mikasi minane juu ya gunia. Adhis akauokota mmoja, akautazama kwenye mwanga, akakata kipande cha turubai, akasikiliza. Akauweka chini, akachukua wa pili. Akageuka kumtazama Warigia apate neno.

Warigia alikuwa ameshaenda zake kwenye mahindi ya kuchoma, anachagua.