Kuacha kwa Kihispania

Binti mkubwa wa nyumba niliyofanyia kazi Riyadh alikuwa akisomea lugha chuoni. Mtihani wa kuzungumza ulipokaribia, alikuwa akija jikoni na simu yake, anakaa juu ya meza, ananisomea vitenzi huku mimi nikimenya viazi. Alisema nina sikio zuri. Nafikiri alitaka tu mtu wa kumsikiliza, na mimi nilitaka mtu wa kuniita kwa jina langu. Wengine wote pale waliniita kwa kupiga makofi.

Siku moja alikuja na kitenzi cha kuacha kitu au kukitupilia mbali. Wafaransa wanasema *renoncer*, Wahispania na Wareno *renunciar*, Waitaliano *rinunciare*, hata Waromania wanalo lao, *a renunța*. Yote yametoka kwenye Kilatini, *renuntiare*, alinieleza kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza, na ndani yake kuna kutangaza. Kwa hiyo anayeacha anatoa habari, anasema mbele za watu.

"Mhispania akitaka kuacha kazi anasemaje?" nikamuuliza.

"*Renuncio*. Basi."

"Halafu?"

"Halafu anaenda zake."

"Na pasipoti yake anampa nani?"

Akainamia simu. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa baba yake tangu siku niliyofika.

Mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Jioni hiyo nilivua aproni nikaingia sebuleni, ambako madam alikuwa akinywa kahawa na binti yake.

"Madam, mkataba umeisha. Naacha kazi. Nataka kurudi kwetu."

"Mafi, hakuna," akasema bila kunitazama. "Nani atamwogesha nyanya?"

Nyanya alikuwa mama mkwe wake, ambaye hakuweza kujigeuza kitandani bila mimi. Nilimpenda yule mzee, na madam alilijua hilo. Nikamgeukia binti. Yeye peke yake pale alijua nimesema nini hasa.

"Subiri kidogo," akaniambia, kwa sauti ya upole kama ya daktari. "Mama naye ana haki."

Nyanya alifariki kabla ya Ramadhani. Nilidhani sasa nitaachwa niende. Badala yake baba aliniita akaniambia nifunge mizigo, nakwenda Jeddah kwa dada yake madam. Alikuwa amekwisha kusaini tanazul, karatasi ya kusema kwamba kafili wa zamani, yaani mwajiri aliyekudhamini, amekuachia, wewe sasa ni wa kafili mwingine. Hakuniuliza. "Halas, imekwisha," akasema, akarudi kwenye mpira wake.

Jeddah nilipata Ijumaa ya mapumziko. Nilikuwa nashuka mtaa wa Sharafiya kununua bando na kula chapati na Wakenya wenzangu, na huko dereva mmoja wa kwetu akanieleza kwamba karatasi ile ilitaka ridhaa yangu. Nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Ridhaa yangu walikuwa wameibonyeza wenyewe kwenye programu ya serikali, kwa simu waliyoisajili kwa jina langu.

Sikukuu ilipofika, binti alikuja kumtembelea mama yake mdogo. Alikuwa na pete. Akanifuata jikoni kama zamani, akakaa juu ya meza.

"Nimeacha chuo," akasema. "Mchumba wangu hapendi."

"Umeacha au umeachishwa?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Kwetu ni maneno mawili."

Akaanza kulia. Alinishika mkono, akaniambia hakuna aliyemtetea, hata mama yake, kila mtu alimwambia asubiri kidogo. Nilimsikiliza. Ningeweza kumkumbatia, na nusu yangu ilitaka. Lakini chai ilikuwa imechemka na wageni walikuwa wakingoja, nikautoa mkono wangu nikabeba sinia.

Nilirudi Kenya mwaka uliofuata, familia ile ilipoamua kuhamia nje na kukosa kazi ya kunipa. Walinikatia tiketi wao wenyewe, siku waliyoitaka wao. Binti alipata namba yangu, sijui kwa nani, akanitumia picha za harusi. Alikuwa mzuri sana. Huniandikia kila sikukuu, salamu ndefu zenye maua, akiniita dada. Mimi hujibu neno moja, asante, kisha nafuta.