Majibu ya Mtoto kwa Mwandiko Wangu

Mwalimu wa darasa la kwanza kwenye shule ya mtaa wetu, hapa Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, ni mtu bure. Nalisema mapema ili nisije nikaanza kumpamba huko mbele. Nilimwona kazini siku niliyompelekea binti yangu wa miaka sita kalamu aliyoisahau nyumbani. Nilisimama mlangoni nikingoja mwalimu amalize. Alikuwa ameinua jiwe juu ya kichwa chake, akauliza darasa zima, "Ninashika nini?" Watoto wakajibu pamoja kwa kelele, "Unashika jiwe, mwalimu!" Binti yangu akaongeza kwa sauti yake ndogo, "Ni ile ya kusugua miguu." Na kweli lilikuwa jiwe la kusugulia miguu, jeusi, lenye matundu, sisi wenyewe tunalo nyumbani. Mwalimu akamtazama, akaitazama karatasi iliyokuwa mezani, kisha akamwambia aende nyuma akasimame uso ukutani.

Karatasi ile naijua vizuri. Walimu wetu wanaiita fishi, karatasi ya kutayarisha somo, na ina safu mbili. Upande mmoja mwalimu anaandika maswali atakayouliza kesho. Upande wa pili anaandika majibu ya watoto. Ndiyo, majibu ya watoto, anayaandika yeye mwenyewe, siku moja kabla, hao watoto wakiwa kwao wanakula bugali. Nilifundishwa kuiandika nilipokuwa nasomea ualimu, na nilikuwa napata pointi nyingi kuliko wenzangu, ingawa niliolewa kabla ya kufundisha hata siku moja. Jibu la binti yangu halikuwa kwenye safu ya pili. Basi, kosa lake ni hilo.

Tangu siku hiyo mtoto hakufungua mdomo darasani. Nyumbani alisema, shuleni kimya, wiki baada ya wiki, mpaka nikaenda kwa direkteri, mkuu wa shule. Huyo naye! Mtu wa tumbo na muhuri. Meza tupu, muhuri katikati, na yeye nyuma yake anajiona gavana. Akaniambia, "Mama, mutoto hajibu. Mutoto ya kutojibu hawezi kupanda darasa." Nikamwambia mtoto wangu anajibu kuliko huyo mwalimu wake anavyouliza, na kama shule yake imeshindwa, nitamfundisha mwenyewe kwangu. Alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akasema sawa, nimlete mwezi wa tisa, yeye mwenyewe atamuuliza. Akijibu, ataingia la pili pamoja na wenzake. Asipojibu, atarudia la kwanza, kwa mwalimu yule yule.

Kwa mwalimu yule yule, na ukuta ule ule. Kila nilichofanya kuanzia Pasaka mpaka mwezi wa tisa, nilikifanya ili mtoto wangu asirudishwe pale.

Nilikata katoni ya sabuni, nikaandika ratiba, nikaitundika sebuleni. Saa moja na nusu, wimbo na usafi wa kucha. Saa mbili, hesabu. Saa tatu, kusoma. Saa nne, mapumziko, na kadhalika mpaka adhuhuri. Jirani mmoja akachungulia, akauliza, "We mama, batoto banasomea nyumbani sasa? Umekuwa muzungu?" Nikamjibu kwamba yeye amepeleka sita shuleni na hakuna hata mmoja anayeweza kusoma jina lililoandikwa kwenye mtumbwi wa baba yao. Hakurudi kuchungulia. Bwana yangu, ambaye ni mtu wa ziwa, aliitazama ile katoni akiwa bado amelowa maji, akasema, "Sawa," akaenda kulala. Sikutegemea zaidi kutoka kwake.

Shida ilikuwa saa mbili. Saa mbili ndiyo ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zinapanda kutoka mwaloni kwenye mitumbwi, na mama mkwe wangu, koko ya mtoto, anazianika kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Mimi niko na chaki mbele ya tablo, mtoto yuko nami mwili tu, masikio yote yako nyuma ya nyumba. Nikimwachia dakika tano anakimbilia huko, na huko sasa, mama wee! Alikuwa anasema bila kupumua. "Koko, hii haiko ndagala, hii ni mutoto ya samaki mukeke. Koko, huku kumi, huku kumi na nne, hawa mbili tuwapeleke kwa wale." Na koko anaitika, "Eeh, na hii?" Mtoto anaeleza upya, anabishana, anahamisha samaki kutoka fungu hili kwenda lile.

Ungekuwa na akili ungeileta tablo yako pale mchangani, ukakaa chini, ukanyamaza. Mimi sikuwa nayo. Nilimdharau mama mkwe wangu, nalisema wazi, maana amekwisha kuniomba radhi mara nyingi kwa makosa madogo na mimi sijamwomba kwa hili. Mwanamke ambaye hajawahi kushika kalamu, atanivurugia saa ya hesabu? Nikamwambia asimsemeshe mtoto kabla ya adhuhuri. Alinitazama kidogo, mikono imejaa magamba, akasema, "Sawa, mwalimu." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Mjinga mimi, nilidhani ni heshima.

Basi nikaandika fishi zangu. Daftari nzima, mistari imenyooka, safu mbili. Siku ya somo la tatu niliingia na ndagala tatu mkononi, nikauliza, "Ninashika nini?"

"Ndagala."

"Jibu kwa sentensi nzima."

"Unashika ndagala tatu. Moja haina kichwa, mama. Paka ndiye amekula?"

"Nimekuuliza habari ya kichwa?"

Nilipiga meza na rula. Sikumpiga yeye, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Tulirudia swali lile mpaka ndagala zikaanza kunuka mkononi mwangu. Kesho yake somo la nne, kelele zile zile. Mtoto anataka kujua kwa nini kati ya mayai manne, mawili yana madoa, mimi nataka "Ninaona mayai manne, mama" na nukta mwishoni. Niliona ana kichwa kigumu. Nikasema moyoni kwamba amechukua kwa baba yake.

Wiki ya tatu au ya nne, sikumbuki vizuri, niliinua kikombe. Mtoto alinitazama usoni, akautazama mdomo wangu, akaitazama daftari yangu ambayo bado hakuweza kuisoma, akauliza taratibu, "Mama, unataka niseme nini?"

Nikamwambia. Akasema. Neno kwa neno, sauti safi. Nikatia alama kwenye fishi, na nilifurahi! Sitadanganya hapa. Niliona sasa tumeanza kweli. Kuanzia siku hiyo masomo yalikimbia. Alisoma silabi, alihesabu mpaka mia moja na kurudi, ratiba ikafuatwa dakika kwa dakika. Kila swali jipya aliuliza kwanza ninachotaka, ninampa, ananirudishia. Nilipita sokoni nikiwatazama wake za walimu na kuwaonea huruma.

Siku moja tukiwa jikoni, mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, mama mkwe wangu akasema bila kunitazama, "Leo nimemuuliza mutoto hii samaki ni nini. Samaki anayoijua tangu anatambaa. Ameniuliza mimi napenda ikuwe nini."

"Ni heshima hiyo, mama," nikamjibu. "Ndiyo kusoma."

Alichukua sufuria yake akatoka nje, na mimi nikaendelea kutwanga. Nilitwanga hata pale sombe ilipokuwa imelainika, maana neno lake lilikataa kuniondoka.

Mwezi wa tisa ukafika. Nilimvalisha sketi ya bluu na shati nyeupe, nikamfunga nywele, tukaenda. Direkteri alikuwa pale pale nyuma ya muhuri wake. Akamwita na yule mwalimu awe shahidi. Mtu bure akaja na kikapu chake cha vifaa, akakiweka mezani, ananichekea kwa meno. Direkteri akaingiza mkono kikapuni bila kutazama, akatoa kitu cha kwanza alichokigusa. Jiwe. Lile lile, jeusi, la kusugulia miguu. Akaliinua.

"Ninashika nini?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka wote. Miezi mitano nilimfundisha kusema "Unashika jiwe", na jibu hilo ndilo lingemwokoa na ule ukuta. Lakini nilipoliona lile jiwe, neno la mama mkwe wangu likanirudia, nikaanza kuomba Mungu mtoto aseme lile jingine. Sema ni la miguu, mwanangu. Uliza limetoka wapi. Sema chochote chako, hata wakikurudisha la kwanza, tutajua cha kufanya. Nilitaka kumkonyeza, nikaogopa, kwa sababu angekonyezwa angetii.

Alilitazama lile jiwe. Alilijua. Kila Jumamosi koko yake anamsugulia visigino kwa lile la nyumbani na yeye anacheka kwa mtekenyo. Kisha akaliacha, akainua macho mpaka kwenye mdomo wa direkteri.

"Papa direkteri, unataka niseme nini?"

Direkteri akapiga meza kwa furaha mpaka muhuri ukaruka. "Vwala! Huyu iko tayari kabisa! Ona vile anasikiliza kwanza!" Akamwambia aseme "Unashika jiwe", na mtoto akasema, sentensi nzima, sauti safi. Hakumuuliza kitu kingine. Akavuta karatasi, akaandika darasa la pili, akagonga muhuri. "Mama, nilicheka siku ile, unisamehe," akasema. "Kumbe we ni mwalimu wa kweli."

Yule mwalimu wa darasa la kwanza akazunguka meza, akaninyooshea mkono wake wenye chaki, kwa heshima, jinsi walimu wanavyosalimiana wao kwa wao. Binti yangu alikuwa ananitazama ili ajue kama amefanya vizuri. Nikampa yule mtu mkono.