Nyasi za Bibi Mwenye Nyumba

Mlima ule niliuchoma mimi. Nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu wakati wa kulisema nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kuliunguza zaidi ya moto wenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa kike, mgeni Songea, nimetoka Shinyanga na sanduku moja na godoro. Nilipanga kwa bibi mmoja mjane kandokando ya mji, pale nyumba zinapokoma na mashamba yanapoanza kupanda mlima. Bibi alikuwa na nyumba mbili zilizotazamana, kubwa yake na ndogo yangu, zote za matofali ya kuchoma na paa la nyasi. Ilikuwa miaka ya soko huria. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakifuata mahindi mpaka vijijini, na mjini mabati mapya yalipangwa nje ya maduka yakimetameta. Bibi akipita pale huyagonga kwa kidole. "Mvua ikinyesha, humo ndani hata sala yako mwenyewe huisikii," alikuwa akisema, kisha anacheka. Yeye nyasi zake alizikata mlimani kwa mkono wake, akazifunga mafungu na kuyasimamisha huko huko juu, chini ya mti mmoja, yangoje siku ya kuezeka.

Mbolea ya mkopo ilikuwa imekoma, na wengi wetu tulirudi kwenye majivu. Bibi alinipa kipande cha shamba chini ya mlima nilime mahindi, maana mwalimu wa siku zile bila jembe alikuwa anatafuta njaa. Siku aliponionyesha mipaka alinipa na sharti moja.

"Ukitaka kuchoma, mwanangu, useme."

Nilimuuliza niseme kwa nani. Kwa wote, akajibu. Pale kwao, mwenye kuchoma shamba hupita nyumba kwa nyumba jioni ya kabla, anawaambia watu kesho nachoma. Hata yule mliyegombana naye unamwambia. Kesho yake wanakuja na matawi mabichi, wanalima njia ya moto, kisha moto unawashwa juu na kuteremshwa taratibu mpaka ufe chini. Mkimaliza mnakunywa togwa la mwenye shamba.

Nilimsikiliza kwa heshima na moyoni nikambishia. Kwetu ni tambarare na pamba. Mavuno yakiisha tunang'oa mabua, tunayarundika, tunapiga kiberiti na kwenda kula. Sijawahi kuona mtu anaomba ruhusa ya kuchoma takataka zake. Halafu, niseme kweli, nilikuwa naona haya. Kila nyumba niliyoingia walinitania, "Mwalimu, ng'ombe wako umewaachia nani?" na Kiswahili changu cha Kisukuma walikiigiza mbele yangu. Kupita nyumba kumi na kitu kwa shikamoo, nikitangaza mabua yangu, niliona ni kujidhalilisha. Jeuri ya kijana aliyesoma haina dawa.

Mwezi wa kumi ulipofika, bibi aliwaalika majirani kuezeka Jumamosi. Jumatatu wapwa zake waliivua nyumba kubwa nyasi za zamani, zikabaki fito tupu. Jumatano alfajiri alikwenda hospitali Peramiho kuangaliwa jicho, akanikabidhi funguo. "Niangalizie nyumba," alisema. Tulicheka, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa kuta tu na anga.

Mchana huo sikuwa na kipindi. Niliona wingu limejikunja upande wa kusini, nikahofia mvua itaniwahi kabla sijapata majivu. Saa saba, jua likiwa utosini, nilipanda shambani na kiberiti. Niliwashia chini, kwa sababu chini ndiko nilikokuwa nimesimama.

Kwa dakika chache ulikuwa moto mtiifu. Kisha upepo wa mchana ulianza kupanda mlima, na moto ukapanda nao. Nilivua kitenge nikaupiga, ukanirudishia joto usoni mpaka nikaanguka kwa makalio. Nilipoinuka ulikuwa umeshavuka mpaka wangu na kuingia kwenye nyasi ndefu. Niliita mama yangu kwa Kisukuma. Mama yangu alikuwa Shinyanga.

Sijawahi kusikia kitu kama mlio ule. Kwanza ni kama watu wengi wanakanyaga mabua makavu, halafu mianzi ikaanza kupasuka, mmoja mmoja, kwa kishindo cha bunduki. Panzi walikuja mbele ya moshi kwa maelfu, na vipanga wakawa wanawadaka juu yake bila haraka, kama walioitwa karamuni. Moto haukwenda kwa mstari. Ulirusha vipande mbele, vikaangukia mahali pasipo na kitu, na mara pale nako pakawaka. Nilijua mafungu ya bibi yalipo. Niliuona mti wenyewe, na moto unaukaribia kutoka pande mbili.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokionea aibu hadi leo. Sikukimbilia juu kwenye nyasi wala sikupiga yowe. Nilishuka kwa njia ya korongoni, nikazunguka mpaka barabarani, nikavunja tawi, na watu walipoanza kumiminika kutoka majumbani nikapanda katikati yao kama mmoja wao.

"Hata mwalimu kaja!" mwanamke mmoja alisema, akanishika bega.

Walikata njia ya moto kwa majembe na mapanga, wakawasha moto mwingine wa kuupokea ule unaokuja, na alasiri ukazimika. Mlima ulibaki mweusi kutoka chini hadi kileleni. Mahali pa mafungu palikuwa na duara za majivu meupe, zimepangana vizuri kama bibi alivyozipanga nyasi zake. Mtu akauliza kwa sauti, "Nani kachoma?" Kila mmoja akamtazama mwenzake. Nami niliwatazama wenzangu.

Kulikuwa na jirani mmoja, baba wa watoto wanne, aliyependa kuwinda panya wa porini. Wawindaji wa panya huchoma nyasi ili wayaone mashimo, na asubuhi ile alionekana akielekea mlimani na jembe lake na vijiti vya kuchomekea mashimoni. Hilo lilitosha. Mgambo walimchukua, akakaa siku mbili amefungiwa kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, akiapa kwamba aliwinda bondeni. Alipoachiwa, watu waliacha kumwalika kwenye kazi, na mkewe akiteka maji wenzake wanasogeza ndoo.

Bibi alirudi kesho yake ya moto, yule baba akiwa bado amefungiwa. Nilimpokea barabarani, nikajitwika mzigo wake kichwani. Aliutazama mlima, akanitazama mimi kwa jicho lake moja lisilofungwa bandeji, muda mrefu, kisha akasema twende, amechoka.

Nyasi za kukata hazikuwapo tena mpaka mvua zipite. Watu wa Mshangano, ambako moto haukufika, walimletea mafungu machache, yakatosha jiko tu. Basi bibi akahamia chumbani kwangu. Tulilala kitanda kimoja msimu mzima wa mvua, mimi ukutani, yeye pembeni. Mvua ilinyesha ndani ya nyumba yake kubwa miezi yote ile, na mwezi wa kwanza ukuta wa nyuma ukalala chini. Mimi nilisikia unavyoanguka. Yeye pia alisikia, akajigeuza upande wa pili.

Wageni wakija aliwaambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila huyu ningelala wapi?" Kila aliposema hivyo nilitoka nje, nikasingizia kuni. Nilijiambia nitamweleza Jumapili, kisha Jumapili nyingine. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, na baadaye niliogopa zaidi kwamba hatanifukuza.

Mvua zilipokwisha, nyasi mpya zikawa zimefika kifuani. Asubuhi moja nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda ananoa mundu wake. Nilichuchumaa mbele yake.

"Bibi, moto ule niliuwasha mimi."

Aliendelea kunoa. "Najua. Siku uliponipokea barabarani hukuwa na nyusi."

Nilijishika uso. Hata kwenye kioo sikuwa nimejitazama siku zile, na wengine walidhani niliunguzwa nikizima.

"Unajua tangu siku ile? Mbona hukusema?"

"Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia mwachieni yule baba, si yeye. Akaniuliza, basi nani? Nikamwambia, mwenye moto atasema mwenyewe." Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Nikakungoja. Nililala na wewe kitanda kimoja, nikasema labda usiku huu. Mara nyingine nilikuwa nakuchukia, mwanangu."

Nililia. Nilimwomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Hakunizuia kulia.

"Mimi unaniomba nini?" alisema mwishowe. "Mimi nimelala chini ya paa. Nenda kwa yule."

Nilikwenda saa hiyo hiyo, macho yakiwa bado mekundu, nikijisemea maneno njia nzima. Mlango wa yule baba ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya, na uwanjani majani yameota. Jirani aliyekuwa anaanika mihogo aliniambia wamehama tangu mahindi yalipokuwa mabichi, wamekwenda Lusewa kwa ndugu wa mke kufungua shamba. "Afadhali," aliongeza, "alitaka kutuunguza sote."

Nilisimama mbele yake na ukweli mdomoni. Nikamwambia asante, nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilibeba nyasi za bibi kutoka mlimani tangu asubuhi mpaka bega likachubuka. Mwaka uliofuata nilipata uhamisho. Tangu hapo nimerudi Songea mara tatu, mara ya mwisho kumzika bibi. Kila safari nilifika stendi nikauliza gari la Lusewa linaondoka saa ngapi, na kila safari nilijibiwa vizuri, nikaliangalia likiondoka.