Lori la Mbao na Ahadi ya Mdomo

Mume wangu alikuwa taniboi wa lori la mbao huko Elburgon, miaka ile ya Emajensi, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Alipakia mbao, akazifunga kwa minyororo, akapanda juu ya mzigo na kusafiri nao mpaka stesheni ya Nakuru, kisha akashusha. Jioni alirudi ananukia mtarakwa, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi, na watoto wakagombania kumpangusa. Sisi tulikuwa wageni huko, tumetoka upande wa Kakamega. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kiwanda. Kuni tulizopikia zilikuwa za kiwanda. Hata shamba dogo la viazi nyuma ya nyumba lilikuwa la kiwanda, na mwenye kiwanda alikuwa Mzungu mmoja mzee ambaye hakuwa na kelele kama wenzake.

Dereva wa lori lile alikuwa Mkikuyu wa makamo, jirani yetu wa mlango wa pili. Kwa muda alikuwa akilalamika kwamba breki hazishiki. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mume wangu uani, "Nimemwambia bwana tena leo. Anasema tumalize oda hii kwanza, halafu lori liende gereji."

Oda haikuisha. Asubuhi moja ya mvua, kwenye mteremko wa kuelekea Njoro, lori lilikataa kusimama. Dereva alijaribu kulielekeza kwenye ukingo wa udongo ili lipunguze mwendo. Lilipanda ukingo, likalala ubavu, na mbao zikamwagika zote upande ule alioangukia mume wangu. Dereva alitoka na michubuko tu. Ndiye aliyeziondoa mbao moja moja kwa mikono, akilia, mpaka watu wa shamba la karibu wakafika.

Nilimkuta mume wangu hospitalini Nakuru, mguu wa kulia umefungwa mbao kutoka nyonga hadi kisiginoni. Nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Dereva alikuwa amesimama kando ya kitanda na nguo zake zile zile zenye tope.

"Mama," aliniambia, "mimi nilisema breki ni mbovu. Nitasema popote nitakapoulizwa, hata kortini."

Nilimshukuru. Wakati ule sikujua maneno yale yalikuwa na uzito gani.

Siku iliyofuata mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Alileta blanketi mpya, sukari na majani ya chai. Alivua kofia, akamtazama mume wangu kwa muda, na nadhani alihuzunika kweli. Akasema kwa Kiswahili chao kile:

"Wewe hapana ogopa. Mguu kama hapana pona, mimi tapa wewe kazi ya geti. Kaa tu. Nyumba yako iko. Mpaka wewe nakufa."

Mume wangu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, bwana," akasema. "Asante sana."

Kwenye kitanda cha jirani alilala karani wa reli, kijana wa kwetu, mkono wake umo ndani ya plasta. Alingoja yule mzee aondoke, kisha akaniita.

"Mama, polisi wamekuja kuandika habari za ajali?"

"Bado."

"Basi wafuate wewe. Dereva aandikishe alichoona. Daktari aandike hali ya mguu. Halafu mtafute wakili hapa mjini, wako Wahindi wanaofanya kazi hiyo. Lori lazima liwe na bima, ni sheria. Tena aliumia akiwa kazini, hiyo nayo ina sheria yake."

"Na bwana akikasirika?"

"Akikasirika ni juu yake. Mguu ni wa mume wako."

Maneno yake yaliniingia. Nilitaka kwenda polisi siku ile ile. Lakini mume wangu alikuwa amesikia, akanikazia macho.

"Unataka tufukuzwe? Mtu amekuja na blanketi, sisi tumjibu kwa askari? Na huyo dereva unataka kumpeleka wapi? Mkikuyu kituo cha polisi siku hizi, atatoka?"

Watu wa kabila la dereva walikuwa wakikamatwa barabarani kwa kukosa pasi ya kusafiria tu. Nilikaa chini, nikamlisha uji.

Niliporudi Elburgon kuona watoto, lori lilikuwa limekwisha kuvutwa hadi kiwandani. Fundi alikuwa chini yake akifunga breki mpya, zinang'aa. Muda si muda likaanza tena kubeba mbao, na mtu ambaye hakujua asingeona kitu isipokuwa bodi iliyobonyea. Kisha ukaja msako. Magari ya serikali yalifika alfajiri, yakawakusanya Wakikuyu wote wa kiwandani, dereva na mke wake miongoni mwao. Mke wake alinikabidhi sufuria yake kubwa nimtunzie. Hawakurudi, wala sikupata kujua walipelekwa wapi.

Mume wangu alitoka hospitalini akitembea na magongo mawili, baadaye moja. Ahadi ilitimizwa. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli. Alipewa kiti kwenye geti, na kila asubuhi mzee yule alipopita alipunguza mwendo wa gari na kumsalimu. Mume wangu alijivunia salamu ile. "Unaona?" alikuwa akiniambia. "Ungempeleka polisi mtu kama huyu?"

Miaka ilipoelekea mwisho wa Emajensi, mwenye kiwanda aliuza kila kitu, akarudi kwao. Alikuja getini kuaga. Alimpa mume wangu koti lake kuukuu. Kuhusu kazi na nyumba hakusema lolote, na mume wangu aliona aibu kuuliza.

Mwenye kiwanda mpya alikuwa mtu wa haraka. Alimtazama mume wangu kwenye kiti chake, akamwita nyapara.

"Huyu ni nani?"

"Aliumizwa na lori la kiwanda, bwana. Bwana wa kwanza alimwahidi kazi."

"Aliahidi yeye. Mimi sikuahidi."

Mwisho wa mwezi tulitoka, tukapanga chumba kimoja Nakuru. Ndipo nilipomkumbuka karani wa reli. Safari hii mume wangu hakunikataza. Tulimpata wakili, Mhindi mnene aliyetusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Aliuliza kama polisi waliandika ajali. Akauliza dereva yuko wapi. Akauliza kama kuna mkaguzi aliyeziona breki kabla hazijabadilishwa, na kama tulimwona afisa wa kazi wa serikali. Kila mara nilijibu hapana au sijui, na mume wangu akazidi kuinamisha kichwa.

"Mama, mlikuwa na haki," wakili alisema hatimaye. "Haki kabisa, tena mara mbili, kwa bima na kwa kazi. Lakini muda wa kushtaki umepita. Hata ningepeleka kortini, ningesema nini? Shahidi hakuna, lori limetengenezwa. Mngekuja mwaka ule ule."

"Bwana alituahidi," mume wangu akasema.

"Mngeweza kupokea ahadi yake na bado mkaja kwangu."

Hakututoza kitu. Tuliteremka ngazi polepole kwa sababu ya gongo, na huko barabarani mume wangu aliniomba nisiwaambie watoto.

Nilianza kuuza mboga sokoni, yeye akawa anakaa mlangoni akishona viatu vya majirani. Tuligombana mara nyingi juu ya yule mzee. Yeye alisema alikuwa mtu mwema, mimi nikasema wema wake ulitunyima haki, na wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, nikimgeuza kitandani ili ile nyonga isimuume, aliniuliza, "Ungekwenda siku ile, unafikiri tungeshinda?"

"Sijui," nilimwambia.

"Hata mimi sijui," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Nikamwekea mto chini ya mguu, nikaketi.