Fundi Mafuta na Kesho Yake

Mtaa mzima unamwita baba mdogo "Mafuta", tangu daktari alipompigia simu akiwa kwenye cherehani yake, naye akaweka spika, wateja wote wakasikia: "Mzee, ini lako limejaa mafuta." Baadaye likaota kansa, wakalikata kipande, akapona. Mnadhani alitulia? Anaficha chipsi chini ya vitambaa, na kila mteja anamfunulia shati aone kovu: "Daktari kashona ovyo, angeniita mimi fundi." Leo ni kipimo cha kuangalia kama kansa imerudi. "Kesho," anasema, ileile anayowapa wateja. Nikamburuza. Mlangoni kwa daktari akanishika mkono. "Mwanangu, tangulia wewe." Jamani, kwani ini ni langu? Nikatangulia. Nyie wenye wazee wabishi, mnawafikishaje hospitali? Hebu nisimulieni, maana huyu bado yuko mlangoni.